Mtu Aliyesimama Nyuma ya Kasian

Kwa heshima na taadhima, Kampuni ya Filamu ya Nyanda za Juu Kusini inapenda kuwatangazia wakazi wote wa Ilula, wa Iringa mjini, wa Mbeya na wa dunia kwa ujumla kwamba filamu yake ya kwanza, iitwayo Dalali, imekamilika, na itaonyeshwa katika ukumbi wa parokia siku ya sherehe ya mtakatifu somo wa parokia, mara tu wageni waalikwa watakapomaliza kula.

Tangazo hilo niliandika mimi, na lilikuwa na kasoro ndogondogo. Filamu ilikuwa haijakamilika. Ukumbi tulikuwa tumeahidiwa kwa sharti kwamba paroko aione filamu kwanza. Na kampuni yenyewe ilikuwa watu wanne, simu moja yenye ufa kwenye kioo, na meza ya kupigia pasi ambayo tuliifungia hiyo simu kwa mpira wa baiskeli ili isitikisike.

Mkurugenzi alikuwa Severina, aliyemaliza kidato cha nne mwaka juzi na ambaye tangu hapo hajamsikiliza mtu. Mwigizaji mkuu alikuwa Kasian, kijana mrefu mwenye sura ya huzuni hata akiwa ameshiba. Mpiga picha alikuwa Nkuba, kwa sababu simu ilikuwa yake. Mimi naitwa Anord. Nasoma shule ya bweni Mbeya, ambako nimefundishwa kutandika kitanda bila mkunjo na kusema uongo kwa sauti ya unyenyekevu. Nilikuja likizo nikatunga hadithi, na nikaomba sehemu ya kuigiza. Severina alinijaribu kama polisi, kama daktari, na mwisho kama maiti. Nilicheka katika zote. Maiti ilicheka mpaka ikapaliwa. Basi nikapewa idara ya kuzuia.

Idara ya kuzuia inakaa nyuma kabisa, ng'ambo ya yote yanayoonekana kwenye picha, na kazi yake ni kuhakikisha mbuzi, watoto na wazee wanaopenda kupunga mkono hawaingii kwenye filamu. Ni idara muhimu. Haina mtu anayeitazama.

Hadithi yangu ilikuwa hivi: kijana mwema wa Ilula anamsaidia mama yake shambani, halafu anakuwa dalali wa nyanya, anamdanganya mama yake bei, wakulima wanamkamata na kumpiga barabarani, lakini anaendelea kudanganya mpaka anatajirika, na mwisho anakaa dirishani kwenye nyumba yake mpya, peke yake, hana wa kula naye. Mama aliigizwa na shangazi yake Kasian, Shangazi Eveline, ambaye hatukumchagua. Alikuja tu siku ya kwanza akiwa amevaa kitenge kipya na kuuliza asimame wapi.

Tulipiga picha kwa mahali, si kwa mpangilio wa hadithi. Mwenye simu moja na chaji ya kuombaomba hawezi kuhamahama. Mwalimu Liberatus alipotuazima nyumba yake mpya yenye madirisha ya vioo kabla hajahamia, tulianzia hapo, tukapiga mwisho wa filamu kabla ya kitu kingine chochote. Baadaye tukapiga katikati, barabarani. Mwanzo kabisa, pale shambani, tuliupiga baada ya yote, kwa sababu Shangazi Eveline alikuwa anapulizia dawa nyanya zake na hakutaka mtu akanyage.

Tena Severina hakumsimulia mtu kisa kizima. "Ukimwambia Kasian mwisho, ataanza kulia toka mwanzo," alisema, na hilo lilikuwa kweli, Kasian analia upesi. Kila mtu aliambiwa ya siku hiyo tu. Kasian aliambiwa kaa hapa, kasirika, anguka. Nkuba aliambiwa washa na zima. Kisa kizima kilikuwa kichwani mwa Severina na kichwani mwangu, na tulikitunza kama siri ya serikali.

Siku ya barabarani ndiyo iliyotupa jina. Kasian alilala kando ya lami amepakwa nyanya zilizopondwa kuanzia kwenye nywele mpaka shingoni, kuku wawili wakimdonoa sikio, na yeye, kwa heshima ya sanaa, hakutikisika. Basi la Mbeya likafunga breki. Abiria wakaanza kushuka na chupa za maji. Kina mama wanaouza nyanya wakaona basi limesimama mahali lisiposimamaga, wakalivamia na ndoo zao madirishani, na kabla dereva hajaelewa kwamba majeruhi anapumua, nusu ya abiria walikuwa wameshanunua. Shangazi Eveline alikuja kumwangalia mpwa wake pale chini.

"Kesho utakufa tena?" akamuuliza.

"Kesho tunapiga shambani, shangazi."

"Muulize Severina. Hata mara moja tu, saa ya mabasi ya Dar."

Tulifurahi siku hiyo. Nawaomba mkumbuke kwamba tulikuwa tunafurahi, kwa sababu yanayofuata hayana furaha.

Picha hatukuwa tumezitazama. Chaji ilikuwa ya kupigia tu, na kwenye jua kali kioo cha simu ya Nkuba kinaonyesha uso wa Nkuba mwenyewe. Tulipomaliza shamba, Severina akapata kompyuta ya kaka yake, akafunga mapazia ya chumba chake, tukajipanga kitandani kama jopo la majaji, akachomeka memori kadi. Alianza na ya kwanza kupigwa, yaani ile ya dirishani. Kamera iko nje, Kasian ndani ya kioo, anaangalia mbali, tajiri, mpweke. Ilikuwa nzuri mpaka nikajisikia vibaya kwamba nasoma sayansi.

"Huyo nani?" Kasian akauliza.

Nyuma yake, kwenye mlango wa kile chumba, alikuwa amesimama mtu. Alikuwa amevaa kitu cheusi kirefu mpaka miguuni, na kofia iliyoshushwa mpaka uso hauonekani. Hakufanya lolote. Alikuwa amesimama tu, karibu, anamtazama Kasian kisogoni.

Severina akarudisha nyuma, akacheza tena. Mtu bado alikuwepo.

"Pale nilikuwa peke yangu," Kasian akasema. "Seve, pale ndani nilikuwa peke yangu."

"Weka nyingine," Nkuba akasema.

Akaweka ya barabarani. Kasian anapigwa na wakulima, vumbi, kelele, na ng'ambo ya lami, kati ya matenga ya nyanya na lori lililoegeshwa, yule mtu. Kasimama wima vilevile. Akaweka ya sokoni: yuko kwenye kona ya kibanda. Akaweka ya shambani, na tulipokuwa tunaanza kupumua, Kasian akanyoosha kidole kwenye kilima, palipo na mikaratusi. Alikuwa pale juu, mdogo kama punje ya pilipili manga.

Severina akageuka kwangu.

"Anord, wewe ndiye ulikuwa nyuma. Ulimwona mtu wa namna hii akipita?"

Nikatafakari, kama inavyompasa mtu anayeulizwa jambo zito. Nikasema kwamba katika muda wote nilipokuwa kazini, hakuna mtu wa namna hiyo aliyepita mbele ya macho yangu.

Akageuka kwa Nkuba. "Na wewe? Wewe ndiye ulishika simu."

"Sikuona."

"Mtu mzima kasimama katikati ya picha."

"Jua lilikuwa kwenye kioo. Nilikuwa namwangalia Kasian tu, asitoke kwenye fremu. Ndivyo ulivyoniambia." Nkuba huongea taratibu, kama anahesabu maneno yasije yakapotea. "Na wewe ulikuwa pembeni yangu, dada. Wewe uliona?"

Kasian alikuwa ameshasogea kwenye kona ya kitanda, mbali na Nkuba, na nadhani hakujua kwamba amesogea. Mimi nilimwona. Nkuba pia alimwona.

Kufikia asubuhi barabara nzima ilijua. Kasian alikuwa amemwambia shangazi yake, na kumwambia Shangazi Eveline jambo ni sawa na kulitangaza kwenye kipaza sauti cha kanisa, isipokuwa kipaza sauti hukatika umeme. Kila ndoo ya nyanya ilikuwa na maelezo yake. Wengine walisema ni dereva wa lori aliyekufa pale kona zamani. Wengine wakasema ni padri wa kale, ndiyo maana yuko kwenye vazi refu. Mzee mmoja aliapa kwamba ni mtu wa kodi. Kila maelezo yalipochoka, watu walirudi kwenye jina moja, lile lililosemwa kwa sauti ya chini.

Nkuba si wa Ilula. Ukoo wao ulitoka Shinyanga na ng'ombe, wakashukia bonde la Usangu, ng'ombe wakapungua, baba yake akabaki Ubaruku kwenye mashine ya kukobolea mpunga, na mama yake akaja na watoto huku kwetu kuuza vitunguu na nyanya kando ya lami. Ni mama mpole, mnene kidogo, anayejibu "kamwene" ya Kihehe kwa lafudhi inayowachekesha watoto. Kwa miaka kadhaa hakuna aliyemkumbusha kwamba ametoka mahali pengine. Sasa wote wakakumbuka.

"Mimi simsemi mtu," Shangazi Eveline alituambia, akipanga nyanya kubwa juu na ndogo chini, kama kawaida yake. "Mimi nauliza tu. Simu ya nani? Ya Nkuba. Nani kashika? Nkuba. Nani hakuona? Nkuba. Na wale watu wa kule wana mambo yao, wanyalukolo, ndugu zangu, hilo si la kuficha."

"Mambo gani, shangazi?" Severina akauliza.

"Ningeyajua si ningekuwa nayo."

Hapo ndipo mimi, kwa kuona kwamba nchi inahitaji uongozi, nilipounda Kamati ya Uchunguzi. Nilikuwa mwenyekiti na katibu. Tulikaa kwenye banda la matenga la Shangazi Eveline; mimi nikapindua tenga nikalikalia, Kasian akasimama mlangoni kama askari, na Nkuba akaletwa. Nilifikiri itachekesha. Bwenini jambo kama lile lingechekesha wiki nzima.

"Ndugu shahidi," nikaanza, "ulinunua wapi simu hii?"

"Unajua nilipoinunua. Tulikwenda wote Iringa."

"Jibu swali kwa faida ya kamati."

"Iringa. Kwa yule jamaa wa stendi."

"Na je, yule jamaa alikwambia chochote kuhusu mmiliki wa kwanza? Kama yu hai, au..."

"Anord, acha ujinga."

"Kamati haifanyi ujinga. Kasian, andika hilo."

Kasian hakucheka, na hakuwa na kalamu. Alikuwa anamtazama Nkuba kwa macho ambayo sikuyapenda, macho ya mtu anayetazama mbwa asiyemjua.

"Mwambie tu, Nkuba," Kasian akasema. "Kama kuna kitu nyumbani kwenu, sema. Mimi ndiye niliyesimamiwa mgongoni. Usiku silali. Mama kaniambia nisikae na wewe tena."

"Mama yako kasema?"

"Na shangazi."

Nkuba akaniangalia mimi, mwenyekiti, kwa muda. Nadhani alikuwa anangoja nicheke, ili na yeye acheke, yaishe. Kila mara huwa nacheka. Safari hiyo uso wangu ulikaa sawasawa, mkavu, wa heshima, na sijui ulijifunza lini.

"Haya," akasema, akatoka.

Kesho yake nilikwenda barabarani kununua sabuni, nikaona. Kina mama wanapanga ndoo zao bega kwa bega, kiasi kwamba basi likisimama ni ukuta mmoja mwekundu. Siku hiyo ukuta ulikuwa na pengo. Kina mama wa kulia kwa Mama Nkuba walikuwa wamesogea kulia, wa kushoto wamesogea kushoto, na yeye amebaki katikati na ndoo zake, peke yake kama aliyetengwa kwa kamba. Basi dogo la Ruaha Mbuyuni likasimama. Abiria mmoja akamnyooshea kidole, anataka vitunguu vyake. Mwanamke wa ndoo ya jirani akamwinamia yule abiria dirishani, akamnong'oneza. Abiria akavuta mkono ndani.

Mama Nkuba aliona yote. Akachukua kitambaa akaanza kufuta nyanya zilizokuwa safi tayari.

"Kamwene, mama," nikamsalimia.

"Kamwene, mwanangu. Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Nkuba hali chakula. Amegombana na nani huko kwenye picha zenu?"

Nikasema sijui. Nilisema kwa ile sauti ya unyenyekevu. Nikachukua sabuni yangu nikaondoka haraka, na nilipogeuka bado alikuwa anafuta nyanya ileile.

Jioni Nkuba alikuja kwa Severina. Hakuingia. Alimpa memori kadi kupitia mlangoni, na mimi nikiwa ndani nilisikia kila neno.

"Malizia filamu yako, dada. Picha zote zimo."

"Nitaimaliza na nani? Paroko anataka kuiona wiki hii."

"Mtamaliza wenyewe. Sisi mama amesema mwisho wa mwezi tunarudi Ubaruku kwa baba. Amesema huku biashara imekwisha."

"Imekwisha vipi? Kwa siku mbili hizi?"

"Si umeona barabarani. Mimi Ubaruku sina mtu. Nilishawazoea ninyi."

Akaondoka. Severina akafunga mlango, akabaki ameegemea, ile kadi mkononi. Nilifungua mdomo. Naweka jambo hilo kwenye kumbukumbu rasmi: nilifungua mdomo. Lakini Severina akasema, "Nenda nyumbani, Anord, nataka kuhariri," nami nikaona kwamba likizo imebaki kidogo, kwamba pengine Mama Nkuba atabadili mawazo, kwamba watu husahau, nikaufunga.

Alihariri peke yake, kwa mara ya kwanza akiweka vipande kwenye mpangilio wa hadithi. Hakutuita, hakutaka chai, hakumfungulia mtu. Kisha akatuma watoto wa jirani kutuita sote kwenye banda la matenga, mchana, Shangazi Eveline akiwemo. Nkuba pia aliitwa. Alikuja akasimama kwenye nguzo ya nje, akakataa kukaa. Severina alikuwa ametundika magunia kuziba mwanga, kompyuta iko juu ya tenga, lile tenga langu la uenyekiti.

"Tazameni yote kwanza," akasema. "Msiseme kitu."

Akawasha. Shambani: Kasian mwema anachuma nyanya na mama yake, na juu kilimani, mbali, kwenye mikaratusi, punje nyeusi. Sokoni: Kasian anaambiwa bei, anaangalia pembeni, anaanza kuwaza uongo, na kwenye kona ya kibanda, yule mtu, amekaribia. Barabarani: Kasian chini, damu ya nyanya, na ng'ambo ya lami kati ya matenga, mrefu sasa, unaweza kuona mikunjo ya vazi. Nyumba mpya: Kasian dirishani na utajiri wake, na mtu ameingia ndani. Yuko mlangoni. Amefika.

Nawaambia kweli, ilitisha. Na ilikuwa nzuri. Shangazi Eveline alikuwa ameshika rozari yake, Kasian analia waziwazi.

"Anamfuata," Shangazi Eveline akasema. "Kila anapodanganya, anamsogelea. Jamani. Sasa huyo mzimu anataka nini?"

"Shangazi," Severina akasema, "nyumba ya mwalimu tuliipiga lini?"

"Si mwanzo kabisa. Ndiyo siku nimevaa kitenge."

"Na shamba?"

"Juzijuzi. Baada ya dawa."

"Basi siku ya kwanza kabisa huyu mtu alikwenda kusimama mlangoni, karibu na Kasian. Baadaye akarudi nyuma mpaka barabarani. Shamba ndiyo tulipiga mwisho, na hapo ndipo akaenda kupanda kilima. Ukifuata siku, anaondoka. Ukifuata hadithi, anakuja." Alikuwa anaongea na shangazi, lakini hakuwa anamtazama shangazi. "Mzimu gani unajua mpangilio wa hadithi?"

Shangazi Eveline akafikiri. Rozari ikasimama.

"Nkuba," Severina akaita. "Ile ya dirishani, wewe ulijua ni mwanzo wa filamu au mwisho?"

Nkuba akachungulia toka kwenye nguzo. "Mwanzo. Si tulianzia hapo? Mimi nilijua jamaa ni tajiri, halafu anapigwa, anafilisika, anakwenda kulima kwa mama yake. Nilijua inaisha vizuri."

"Kasian?"

"Mimi hukuniambia kitu," Kasian akasema, akipangusa pua. "Hujawahi kuniambia kitu."

"Waliojua kwamba mlangoni ndiyo mwisho na kilimani ndiyo mwanzo ni watu wawili. Mmoja ni mimi, na mimi nilikuwa nimeshika mwavuli juu ya simu, Nkuba shahidi."

Hakumtaja wa pili. Hakukuwa na haja. Wote waligeuka kwa pamoja, taratibu, na nikagundua kwamba nimekaa mahali ambapo hakuna mtu nyuma yangu wa kusingiziwa. Kasian ndiye aliyechelewa kuelewa, na alipoelewa akaacha kulia ghafla, mdomo wazi. Shangazi Eveline hakuwa ananitazama tena mimi. Alikuwa anamtazama Nkuba, halafu chini.

Nikasimama. Nikafunga kifungo cha shati.

"Ndugu wajumbe," nikasema, "kabla ya yote ningependa kuishukuru idara ya..."

"Anord," Severina akasema. "Acha."

Nikaacha.

"Twende barabarani," akasema. "Hapa hatuhitaji kukusikia. Hapa tumeshajua."

Tulikwenda sote. Nkuba alitembea mbele na hakugeuka hata mara moja. Ilikuwa saa ya mabasi, ndoo zimepangwa, na lile pengo lilikuwa palepale kila upande wa mama yake, pana zaidi ya siku ile. Kina mama walipoona Shangazi Eveline anakuja na kundi, wakajua kuna neno, wakanyamaza mmoja mmoja mpaka mwisho wa mstari. Mama Nkuba akainua macho.

"Kuna nini, mwanangu?"

Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani. Ilikuwa na utangulizi. Nilimtazama, nikaitafuta, haikuwepo.

"Mama, yule mtu kwenye picha ni mimi," nikasema. "Nilivaa joho la klabu ya maigizo ya shule, na kofia. Nililiazima bila kuomba. Nilikuwa natumwa nyuma kuzuia watu, basi nalivaa huko, nasimama, wakizima navua, naficha kwenye mfuko. Nkuba hakujua. Hakuna aliyejua."

"Ongea kwa sauti," Severina akasema. "Wa mwisho kule hawasikii."

Nikarudia kwa sauti. Ukiyasema mara ya pili, maneno hayo ni mabaya zaidi. Mwanamke wa ndoo ya jirani, yule aliyemnong'oneza abiria, akaanza kupangapanga nyanya zake ambazo zilikuwa zimepangwa.

"Ulitaka nini?" Mama Nkuba akauliza. Hakuwa amekasirika. Alitaka kujua kweli.

"Nilitaka kuwa kwenye filamu. Walininyima sehemu."

"Hiyo nimeelewa. Watoto mna michezo. Mimi nakuuliza ya juzi." Akaweka kitambaa chini. "Ulinisimamia hapahapa, ukanisalimia, ukaona nilivyokaa. Nikakuuliza Nkuba amegombana na nani. Ukasema hujui. Hapo ulitaka nini?"

Basi la Mbeya lilikuwa linaingia, linapunguza mwendo, abiria wameshatoa vichwa. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyenyanyuka. Nkuba alikuwa amesimama pembeni ya mama yake, mikono mfukoni, anangoja kama wengine.

"Nilikuwa naona fahari," nikasema. "Watu walikuwa wanaogopa, mama. Barabara nzima. Na mimi ndiye niliyewaogopesha. Nikajua wanamwonea Nkuba, nilijua toka siku ya kwanza, lakini nilijua pia kwamba nikisema, itakuwa si kitu tena. Itakuwa Anord tu kavaa joho. Basi nikawaacha waendelee."